Akiacha Kunyonya, Usingoje Kesho: Dalili za Taabu ya Ubongo kwa Mtoto Mchanga



Mtoto wa siku tatu hana njia ya kutuambia kwamba kichwa kinamuuma au kwamba anasikia baridi. Watoto wengi wachanga huchelewa kufikishwa hospitali, si kwa sababu hawapendwi, bali kwa sababu watu waliona dalili wakaipa jina lingine. Jirani anasema, "Ni mchango tu huo." Nyanya anasema, "Amechoka na kuzaliwa, mwache alale." Mama mwenyewe anajibu kwa sauti ya chini, "Lakini mama, tangu asubuhi hajanyonya." Na kwa kuwa yeye ndiye mdogo nyumbani, hasikilizwi.

Katika toleo hili tunataka mama huyo asikilizwe. Tutaeleza dalili zinazoonyesha kwamba ubongo na mishipa ya fahamu ya mtoto inataabika katika siku 28 za kwanza. Mambo mengi yanayoumiza ubongo siku hizo yanaweza kutibiwa yakionekana mapema. Yakichelewa, mtoto anaweza kufa, au akaishi na ulemavu ambao ungezuilika.

Ubongo wa mtoto unahitaji nini?

Ubongo ndio unaotoa amri, na mishipa ya fahamu ndiyo inayozipeleka amri hizo mwilini na kurudisha habari. Kunyonya, kumeza, kupumua, kushika kidole chako, kulia na kuamka, yote hutegemea kazi hiyo.

Ubongo wa mtoto mchanga hauna akiba kubwa. Unahitaji hewa safi, yaani oksijeni, kila dakika. Unahitaji sukari itokanayo na maziwa. Unahitaji joto. Tena unahitaji kulindwa na sumu na vijidudu vinavyoingia katika damu. Kimoja kikikosekana, kazi ya ubongo inaanza kuharibika, na mwili wa mtoto unaonyesha.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni kwenye titi. Ili anyonye vizuri, mtoto lazima afungue kinywa, avute, ameze, kisha apumue, tena kwa mpango, bila kupaliwa. Hiyo ni kazi ngumu kuliko zote anazozifanya akiwa na umri huo. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri kisha akaacha anatangaza kwamba kuna jambo, hata kama hana homa na hata kama amelala kimya anapendeza kutazama.

Dakika za kwanza baada ya kuzaliwa

Mtoto akizaliwa, mkunga hutazama mambo matano: rangi ya mwili, mapigo ya moyo, jinsi anavyoitikia akiguswa, nguvu ya viungo, na kupumua. Kila jambo hupewa alama 0, 1 au 2, kisha hujumlishwa. Mpango huu ulitungwa na daktari mmoja mwanamke wa Marekani, Virginia Apgar, mwaka wa 1952, na mpaka leo unatumika dunia nzima. Alama huchukuliwa dakika ya 1 na dakika ya 5. Akipata 7 kwenda juu, hali yake ni nzuri.

Mama, uliza alama hizo ziandikwe katika kijitabu chako cha kliniki. Alama za chini katika dakika ya kwanza hazimaanishi kwamba mtoto ameharibika. Watoto wengi huanza chini, wakasaidiwa kupumua, wakainuka. Lakini kama mtoto wako hakulia mara moja, au alipumulishwa kwa mfuko na barakoa, au uchungu ulichukua muda mrefu mno, basi mtazame kwa makini zaidi siku tatu za kwanza. Ubongo uliokosa hewa mara nyingi huonyesha taabu yake ndani ya siku hizo. Wengine huwa macho kupita kiasi, wanashtuka ovyo na hawalali. Wengine huwa legelege, wana usingizi mzito, na hawavuti titi. Wengine hupata degedege, mara nyingi kabla ya siku moja kwisha.

Mambo ya kawaida yasiyo ya kuogopa

Tusiwatie watu hofu bure. Mtoto mchanga mzima hufanya mambo haya:

- Hushtuka mlango ukigongwa: hutupa mikono nje kisha huikusanya kifuani. Jambo hili huisha lenyewe baada ya miezi michache.
- Hukunja ngumi, mikono na miguu, kama alivyokuwa tumboni.
- Hupiga chafya, miayo na kwikwi.
- Hulala sana, lakini huamka kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana.
- Hupumua bila mpango: haraka kidogo, kisha polepole, kisha husimama kwa sekunde chache na kuendelea.
- Viganja na nyayo huweza kuwa na rangi ya buluu siku ya kwanza. Midomo na ulimi haviwi hivyo.

Mtoto akichoshwa

Kuna hali iliyo katikati, ambayo si ugonjwa lakini inafaa kuitambua. Mishipa ya fahamu ya mtoto mchanga huchoka upesi, hasa aliyezaliwa kabla ya wiki 37 au aliye na uzito chini ya kilo 2.5. Mwanga mkali, redio, wageni wa kumpokezana mkono kwa mkono, kuvuliwa nguo na kuogeshwa, yote haya kwake ni kazi.

Akichoka utaona anageuza uso asikutazame. Ananyoosha vidole vyote kama anayekuzuia. Anakunja paji la uso, anapiga miayo na kwikwi mfululizo, anajipinda mgongo, ngozi inatoka mabaka.

Dawa yake ni utulivu. Zima redio, punguza taa, waombe wageni wakae nje kidogo. Mkunje mikono na miguu karibu na mwili wake, kisha mweke kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, mfunike kwa leso. Njia hii ya kumbeba mtoto kifuani ilianza kutumiwa mjini Bogotá, nchini Kolombia, mwaka wa 1978, katika hospitali iliyokuwa na uhaba wa vifaa. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wote njiti au wenye uzito mdogo wabebwe hivyo tangu kuzaliwa. Baba naye anaweza kumbeba.

Mtoto aliyechoka tu atatulia baada ya muda mfupi, kisha atanyonya. Asipotulia, au akitulia lakini hataki titi, hiyo si kuchoka tena.

Dalili za hatari

Ukiona hata moja kati ya hizi, mpeleke kituo cha afya au hospitali wakati huo huo, iwe mchana au usiku:

1. Hanyonyi, au ananyonya kidogo mno, au ameacha baada ya kunyonya vizuri.
2. Haamki hata ukimsugua nyayo, au anaamka kidogo na kuzama tena.
3. Ni legelege kama kitambaa. Ukiinua mkono wake unaanguka.
4. Amekakamaa; mgongo umepindika nyuma, taya limefungwa.
5. Ana degedege ya namna yoyote.
6. Kilio chake kimebadilika: ni chembamba, kikali, cha juu, na hatulizwi; au hana nguvu ya kulia.
7. Anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kinabonyea ndani akipumua, au anaacha kupumua kwa muda na kubadilika rangi. Hesabu dakika nzima kwa saa, kisha rudia.
8. Utosi umevimba na kukaza hata akiwa halii na amekaa wima.
9. Ana joto la 37.5 au zaidi, au ni baridi chini ya 35.5. Kama huna kipima joto, gusa tumbo na nyayo. Nyayo zikiwa baridi, mtie joto kifuani upesi. Tumbo nalo likiwa baridi, hali ni mbaya.
10. Ana umanjano siku ya kwanza, au umanjano umefika viganjani na kwenye nyayo siku yoyote.

Ni kutetemeka tu, au ni degedege?

Degedege ya mtoto mchanga haifanani na ya mtoto mkubwa. Mara nyingi hatupi viungo vyote. Huenda macho yakakaza upande mmoja, au kope zikapepesa bila kukoma. Huenda akatafuna hewa, akalamba midomo, akawa kama anaendesha baiskeli kwa miguu, au akaacha kupumua. Watu hukaa pale pale wakitazama na kusema, "Anaota malaika."

Fanya jaribio hili. Ushike kwa upole mkono au mguu unaotetemeka, ukunje kidogo. Kama ni kutetemeka tu, kunakoma mkononi mwako, na macho yake yanakutazama kama kawaida. Kama ni degedege, utausikia mkono ukiendelea kuruka ndani ya kiganja chako, wala haukomi.

Hata kutetemeka kwa kawaida, kukizidi, kusipuuzwe. Kunaweza kuwa dalili kwamba sukari imepungua katika damu. Hilo huwapata zaidi watoto wadogo, waliopigwa na baridi, waliochelewa kunyonyeshwa, na wale wakubwa waliozaliwa na mama mwenye ugonjwa wa kisukari.

Taabu hizi hutoka wapi?

*Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa.* Uchungu mrefu, kitovu kutangulia, kondo la nyuma kuachia mapema, au damu ya mama kupanda kunaweza kumnyima mtoto hewa. Dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu ni hatari pia, kwa sababu tumbo la uzazi likikaza bila kupumzika, mtoto hapati hewa. Ndiyo maana tunawasihi akina mama wajifungue mahali penye mkunga aliyefunzwa. Mtoto asiyepumua anatakiwa kuanza kupumulishwa kabla ya dakika ya kwanza kwisha, na hakuna matatu wala bodaboda inayoweza kumfikisha hospitali kwa dakika moja.

*Njaa na baridi.* Mpe titi katika saa ya kwanza. Yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, yaitwayo dang'a, si machafu, usiyamwage. Mtoto asiogeshwe mpaka saa 24 zipite. Maji ya sukari, maji ya glukosi na dawa za tumbo za dukani hazimfai.

*Umanjano.* Watoto wengi huwa manjano kidogo siku ya pili au ya tatu, na huisha katika wiki mbili hivi. Ukizidi, ile rangi huingia katika ubongo na kuuchoma. Kwanza mtoto huwa na usingizi na kunyonya kivivu, kisha hulia kwa sauti kali na kupinda shingo nyuma. Anayepona anaweza kubaki kiziwi au na mtindio wa ubongo. Kwa mtoto mweusi, tazama weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo, mchana penye mwanga. Kumwanika juani hakutoshi kuponya umanjano mkali. Hospitali wana taa maalum ya buluu ya kazi hiyo.

Hapa kuna neno kwa watu wa Pwani na wa sehemu za Ziwa. Katika sehemu zenye malaria nyingi kuna watoto waliozaliwa na upungufu fulani katika chembe nyekundu za damu. Nguo zilizowekwa na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo sandukuni zinaweza kuvunja damu yao, wakawa manjano ghafla. Usiweke vidonge hivyo kabisa kwenye nguo wala blanketi za mtoto.

*Pepopunda.* Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeshusha pepopunda ya watoto wachanga mpaka chini ya mtoto mmoja kati ya 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Ni ushindi mkubwa, lakini kijidudu chenyewe bado kimo udongoni na katika kinyesi cha mifugo. Kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu au kikapakwa samadi, majivu au udongo, kijidudu hupita hapo. Mtoto hunyonya na kulia vizuri siku mbili za kwanza. Kisha, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 14, taya hufunga, mwili hukakamaa, na akiguswa au akisikia kelele hushikwa tena. Jina lenyewe lina neno pepo ndani yake, na huko Pwani wazee wengine huiita degedege ya watoto nyuni. Hatuwacheki wazee wetu, maana waliona kitu kikali kinachoingia ghafla na wakakitafutia jina. Leo tunajua kinakoingilia, na chanjo ya mama wakati wa mimba hukizuia.

*Vijidudu katika damu na utando wa ubongo.* Mtoto mchanga anaweza kuwa na ugonjwa huu bila homa yoyote. Huenda dalili pekee ikawa kukataa titi na kupoa mwili.

*Kuvuja damu ubongoni.* Sindano ya vitamini K anayodungwa pajani baada ya kuzaliwa huzuia sehemu kubwa ya hatari hii. Mtoto akizaliwa nyumbani, mpeleke kituoni akapewe.

Mkiwa njiani

- Mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Blanketi peke yake haitoshi.
- Akiwa na degedege mlaze ubavu. Usimtie kijiko, kidole, maziwa wala dawa mdomoni. Mafuta ya taa, kitunguu, moshi na chale haviponyi ubongo, vinamwongezea taabu.
- Tazama saa: ilianza lini, imechukua dakika ngapi, ilianzia kiungo gani.
- Kama yuko macho na anaweza kumeza, mnyonyeshe njiani.
- Chukueni kijitabu cha kliniki. Mama aende na mtoto, hata kama yeye mwenyewe bado ana maumivu.

Kuomba si lazima kungoje kufika wala kufika kungoje kuomba. Ombeni mkitembea.

Kazi ya kikundi chetu

Mara nyingi kinachochelewesha ni nauli na ruhusa. Kikundi cha akina mama kinaweza kuweka mfuko mdogo wa dharura, ukawa na mtu mmoja, na mkakubaliana kwamba mzazi wa mtoto mchanga anapewa kwanza, maswali baadaye. Andikeni nambari za wenye bodaboda wawili watatu wanaokubali kutoka usiku. Baba na nyanya waambiane kabla mtoto hajazaliwa kwamba mama ana ruhusa kwenda hospitali bila kumngoja mtu. Na wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba waalikwe kumwona mtoto katika siku hizo za kwanza, si kwenye chanjo tu.

Maswali ya akina mama

*Mtoto wangu anarukaruka akilala, akiamka yuko sawa. Ni kifafa?*
Kama kunakoma mara tu akiamka, ananyonya vizuri na anaongezeka uzito, kwa kawaida si kifafa. Hata hivyo mweleze muuguzi siku ya kliniki.

*Tulifika hospitali, tukaambiwa hana kitu, turudi nyumbani. Dalili ikirudi?*
Rudini. Semeni waziwazi: "Alikuwa akinyonya, sasa hanyonyi tangu saa fulani." Maneno hayo mhudumu wa afya anayaelewa upesi kuliko kusema "mtoto si mzima".

*Mtoto wangu alipata degedege akiwa wa siku moja. Sasa ni mzima. Nifanye nini?*
Mpeleke kliniki kila unapoitwa. Akifika miezi minne hajakaza shingo, au baada ya miezi mitatu bado amefumbata vidole gumba ndani ya ngumi kila wakati, au miguu inakakamaa na kupishana, omba aonwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mazoezi yakianza mapema humsaidia sana. Mtoto wa namna hiyo hakulaaniwa, wala mama yake hakukosea mtu. Asifichwe chumba cha ndani.

Kata sehemu hii uibandike ukutani

Kila asubuhi na kila jioni, kwa siku 28, jiulize:

1. Ananyonya kama jana?
2. Anaamka mwenyewe?
3. Akitetemeka, anatulia nikimshika?
4. Kilio chake ni kile kile?
5. Tumbo na nyayo zina joto?

Jibu moja likiwa "hapana", usiite kikao cha ukoo. Mvalishe kofia, mweke kifuani, anza safari.